Kompyuta Inayozimika Ikipata Joto: Joto Lililo Chanzo na Joto Lililo Kichocheo

Kompyuta ya mezani inayofanya kazi vizuri asubuhi, kisha ikazimika, ikaganda au ikajiwasha upya baada ya kupata joto, ni miongoni mwa hitilafu zinazowasumbua sana mafundi wa Afrika Mashariki, si kwa sababu ni adimu, bali kwa sababu jibu lake huonekana rahisi kuliko lilivyo. Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba mashine imechemka, hivyo ipulizwe vumbi, ibadilishwe feni, na ikishindikana isogezwe karibu na kiyoyozi. Tiba hiyo hufaulu mara nyingi kiasi cha kuaminika, lakini pia hushindwa mara nyingi kiasi cha kuhitaji maelezo, na maelezo yenyewe ni kwamba nyuma ya dalili moja kuna hitilafu za aina mbili zinazotofautiana kwa asili. Katika aina ya kwanza joto limefikia kiwango ambacho hata vipuri vizima haviwezi kukistahimili, kwa sababu njia ya kuliondoa imeziba au imekatika. Katika aina ya pili joto ni la kawaida kabisa, ila kipo kipuri kilichokwisha kuchoka ambacho hakilimudu tena hata joto hilo la kawaida. Kuzichanganya aina hizi mbili ndiko kunakofanya kompyuta moja irudi kwa fundi mara tatu au nne, kila mara ikiwa imesafishwa na kila mara ikiwa na ugonjwa uleule.

Ili kuzitenganisha, ni lazima kwanza ieleweke joto linatoka wapi na linapita wapi. Kichakataji, ambacho mafundi hukiita prosesa, kina mamia ya mamilioni ya transista, na katika vya miaka ya karibuni mabilioni, yaani swichi ndogo mno zinazofunguka na kufungika mabilioni ya mara kwa sekunde, na karibu umeme wote unaoingia humo huishia kuwa joto. Joto hilo hupanda sambamba na kasi ya swichi hizo, lakini hupanda kwa mraba wa volti, ndiyo maana kuongeza volti kidogo tu huongeza joto kwa kiwango kikubwa. Mwaka 2004 baadhi ya vichakataji vya Pentium 4 vya Intel vilifikia wati 115 katika kipande cha silikoni chenye eneo la sentimita moja ya mraba na ushee, na mwaka huohuo kampuni hiyo ikauacha mpango wa kizazi kilichotarajiwa kufuata, kwa kuwa joto lilikuwa limekwisha kuwa ukuta. Vichakataji vya Core 2 Duo vya mwaka 2006 vilirudi kwenye wati 65, na kiwango hicho kimebaki kuwa cha kawaida katika kompyuta nyingi za ofisini.

Joto hilo hutoka kwenye silikoni na kupita kwenye kifuniko cha chuma cha kichakataji, kisha kwenye pesti, yaani krimu inayojaza mianya midogo isiyoonekana kati ya nyuso mbili za chuma, kisha kwenye hitisinki, ambalo ni bonge la alumini au shaba lenye mapezi mengi membamba, ndipo feni ilikabidhi kwa hewa ya ndani ya kasha, na hewa hiyo nayo ikatolewa chumbani. Kila hatua ina ukinzani wake wa joto, ambao hupimwa kwa idadi ya nyuzi zinazoongezeka kwa kila wati moja inayopita. Kwa mfano wa hesabu, chumba kikiwa na nyuzijoto 30 za Selsiasi, hewa ya ndani ya kasha yaweza kuwa na nyuzi 38, na kichakataji cha wati 65 chenye hitisinki linaloongeza nusu nyuzi kwa kila wati kitafika nyuzi 70 na kidogo, hali isiyo na hatari yoyote. Ukinzani huo ukiongezeka maradufu kwa vumbi na pesti iliyokauka, hesabu ileile inatoa nyuzi 103, ingawa chumba ni kilekile, kazi ni ileile na hakuna kipuri hata kimoja kilichoharibika.

Vichakataji vya leo havifi kwa nyuzi 103, na jambo hili lina uzito mkubwa katika utambuzi. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 vimewekewa vipimajoto ndani ya silikoni yenyewe, na kila kimoja kina kikomo chake, ambacho katika vingi vya Intel ni nyuzi 100 au karibu na hapo, na katika vingi vya Ryzen vya AMD ni nyuzi 95. Kikomo hicho kinapofikiwa, kichakataji hujipunguzia kasi na volti ili kipoe, na ni pale tu joto linapoendelea kupanda kupita kikomo cha pili, kilicho juu zaidi, ndipo mashine hukatwa umeme papo hapo bila onyo. Kwa hiyo kompyuta ambayo kichakataji chake kinachemka kwa hakika hupitia kwanza kipindi cha uzito: programu hukawia kufunguka, video hukatakata, feni huvuma kwa nguvu zake zote. Kompyuta inayozimika huku kichakataji kikisoma nyuzi 60, bila kupungua kasi hata kidogo, haijazimwa na joto la kichakataji, na fundi anayeendelea kupaka pesti mpya juu ya ushahidi huo anapoteza muda wake na fedha za mteja.

Mazingira nayo yana sehemu yake, ingawa hulaumiwa kupita kiasi. Miongozo ya kompyuta nyingi za ofisini hutaja nyuzi 35 kuwa kikomo cha juu cha hewa ya chumba. Mjini Dar es Salaam, kati ya Januari na Machi, mchana hufikia nyuzi 32 kivulini, na chumba chenye paa la bati lisilo na dari huzidi hapo, kwa hiyo kompyuta iliyobuniwa kwa ofisi ya Ulaya, na ambayo imefika sokoni Kariakoo baada ya kutumika huko kwa miaka kadhaa, inaanza kazi ikiwa na akiba ya nyuzi tatu au isiwe nayo kabisa. Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, ina hewa ya baridi zaidi lakini nyepesi kwa karibu moja ya sita, na hewa nyepesi hubeba joto kidogo. Baadhi ya watengenezaji huagiza kikomo kipunguzwe kwa nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko, jambo linalokishusha hadi karibu nyuzi 29. Pwani ina adha nyingine tena, kwa kuwa vumbi lililochanganyika na unyevu na chumvi ya bahari hugandamana kwenye mapezi, hula miguso ya shaba na huweza hata kupitisha umeme mahali ambapo haukutakiwa kupita. Hata hivyo kompyuta nzima yenye njia safi ya hewa huyamudu mazingira yote hayo, na kulaumu hali ya hewa kabla ya kupima chochote ni kuukimbia uchunguzi.

Uzibaji wenyewe una sura nyingi kuliko vumbi linaloonekana kasha linapofunguliwa. Vumbi baya zaidi ni lile lililojikusanya kati ya feni na mapezi ya hitisinki, ambalo hugeuka kuwa zulia jembamba lisiloonekana mpaka feni ing'olewe, na blowa ikipulizwa kwa juu hulibana zaidi badala ya kulitoa. Wakati wa kupuliza, feni ishikwe isizunguke, kwa kuwa feni inayozungushwa kwa nguvu hugeuka jenereta ndogo na pia huharibu beringi zake. Feni za bei nafuu huzunguka ndani ya bomba lenye mafuta, na mafuta hayo yakikauka feni huzunguka vizuri ikisukumwa kwa kidole lakini hulegea kadiri inavyopata joto, hivyo kuiona inazunguka hakutoshi. Idadi ya mizunguko kwa dakika isomwe katika BIOS, ile programu iliyomo ndani ya ubao mkuu inayoanza kabla ya Windows au Linux. Kompyuta nyingi za Intel zilizounganishwa madukani tangu mwaka 2004 zina hitisinki linaloshikiliwa na pini nne za plastiki zinazosukumwa kwenye ubao, na pini moja ikichomoka wakati wa usafirishaji, upande mmoja wa hitisinki huinuka kwa kiasi kisichoonekana kwa jicho huku joto likipanda kwa makumi ya nyuzi. Kuhusu pesti, kosa la kuiweka kwa wingi limeenea mno: kazi yake ni kujaza mianya pale chuma kinapokosa kugusana na chuma, na ikiwa nene hugeuka blanketi.

Aina ya pili ya hitilafu ndiyo inayostahili kuchambuliwa kwa kina zaidi, kwa sababu ndiyo inayokwepa usafishaji. Kipuri kinachoongoza humo ni kapasita ya elektroliti, ambayo ni mkebe mdogo wa alumini wenye majimaji ndani yake, unaohifadhi chaji na kuitoa pale kichakataji kinapodai umeme kwa ghafla, ili volti isiyumbe. Majimaji hayo hukauka polepole, na kanuni inayotumiwa na wahandisi ni kwamba umri wa kapasita hupungua kwa nusu kwa kila nyongeza ya nyuzi 10. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 ingedumu takriban saa 32,000 kwa nyuzi 65, yaani zaidi ya miaka kumi ya siku za kazi ofisini, lakini ikikaa karibu na hitisinki lililoziba na kufikia nyuzi 85 hupoteza robo tatu ya umri huo. Kati ya mwaka 1999 na 2007 tatizo hili lilikuzwa na kapasita zilizotiwa elektroliti yenye kasoro, ambazo zilivimba na kupasuka kabla ya wakati katika mashine za watengenezaji wengi. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kushughulikia kompyuta za OptiPlex zilizoathirika. Dalili yake ya wazi ni kichwa cha mkebe kilichotuna badala ya kuwa bapa, au ute wa kahawia chini yake, ingawa kapasita huweza kufa bila kuvimba.

Kuna ushahidi mwingine wa kapasita ambao mara nyingi hufasiriwa kinyume. Elektroliti iliyozeeka hupitisha umeme vizuri zaidi ikiwa ya moto kuliko ikiwa ya baridi, kwa hiyo mashine yenye kapasita iliyochoka huanza kwa kukataa kuwaka asubuhi, ikahitaji kubonyezwa mara kadhaa, kisha ikishapata joto hutulia. Mwenye mashine husema kompyuta yake haina tatizo la joto, bali inalipenda joto, na hafikirii kwamba wiki chache baadaye kipuri hichohicho kitashindwa pia mchana, wakati mzigo wa kazi ni mkubwa. Historia ya kukataa kuwaka kwa baridi iliyofuatwa na kuzimika kwa moto inaelekeza moja kwa moja kwenye kapasita za ubao mkuu au za pawa saplai, na swali hilo moja kwa mteja huokoa kazi nyingi.

Pawa saplai yenyewe, yaani kile kisanduku kinachobadili umeme wa volti 230 kuwa volti 12, 5 na 3.3, husahaulika kwa kuwa imefungwa na haina kipimajoto kinachosomeka. Volti 12 inaruhusiwa kuyumba kwa asilimia 5, yaani kati ya 11.4 na 12.6, na kipimo kinachofaa ni kile kinachochukuliwa kwa multimita mashine ikiwa imekwisha kupata joto na inafanya kazi nzito, si kile cha dakika ya kwanza. Umeme wa mtaani ukishuka, jambo la kawaida jioni katika mitaa mingi, saplai hulazimika kuvuta mkondo mkubwa zaidi ili kutoa wati zilezile, na mkondo huo huongeza joto ndani yake. Hivyo kompyuta inayozimika saa moja usiku tu haina budi kuchunguzwa volti ya ukutani pamoja na joto. Kisanduku hicho kisifunguliwe na asiye na mafunzo, kwa kuwa kapasita zake kubwa huhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa.

Kumbukumbu ya muda, ambayo mafundi huiita RAM, nayo ina uhusiano wa pekee na joto. Kila biti humo ni chaji ndogo mno inayovuja daima na kuandikwa upya kila baada ya milisekunde 64, na kwa kuwa uvujaji huongezeka kadiri joto linavyopanda, viwango vya kimataifa huagiza muda huo upunguzwe hadi milisekunde 32 pale chipu inapopita nyuzi 85. Chipu yenye seli dhaifu hupoteza chaji mapema zaidi ya hapo, kwa nyuzi 50 au 60 tu, na matokeo yake si kuzimika kimya bali ni skrini ya buluu yenye msimbo unaobadilika kila mara, faili zinazoharibika bila sababu, au programu moja inayokufa leo na nyingine kesho. Kubadilikabadilika huko kwa makosa ndiko kunakoitambulisha kumbukumbu mbovu.

Kuna pia viungio vya lehemu, ile metali laini inayounganisha vipuri na ubao, pamoja na soketi na plagi, ambavyo hutanuka vikipata moto na kunywea vikipoa, kila siku, kwa miaka. Kila metali hutanuka kwa kiwango chake, hivyo ufa mdogo huzaliwa, nao huweza kufunguka kwa nyuzi fulani na kufungika tena mashine ikipoa. Mwaka 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake za michoro zilizoharibika kwa sababu ya aina hii, nyingi zikiwa za kompyuta za mkononi. Tabia ya kuiweka kadi ya michoro kwenye oveni au kuichoma kwa mashine ya hewa moto hadi ifufuke imeenea kutokana na visa hivyo. Lehemu isiyo na risasi huyeyuka kwa takriban nyuzi 217, na joto la nusunusu huurudisha mguso kwa wiki au miezi bila kuuponya. Kuiuza kadi iliyofufuliwa hivyo kana kwamba ni nzima ni kumdhulumu mnunuzi.

Baada ya haya yote utambuzi hauna budi kuanza na muda, kwa sababu kila sehemu ya kompyuta hupata joto kwa mwendo wake. Kichakataji ambacho hitisinki lake limeachana nacho hupanda kwa sekunde chache, hivyo mashine huzimika kabla hata Windows haijamaliza kufunguka. Hitisinki lililoziba huhitaji dakika kadhaa za kazi. Saplai, kapasita na hewa ya kasha huhitaji nusu saa hadi saa nzima. Mashine iliyozimika ikiwashwa mara moja na kuzimika tena mapema zaidi, kisha ikadumu muda wake wa awali baada ya kupumzishwa, imethibitisha kwamba joto limo katika kisa, iwe kama chanzo au kama kichocheo. Isipofuata mpangilio huo, joto huenda limesingiziwa. Namna ya kufa nayo husema: kukatika kabisa kwa umeme huelekeza kwenye kinga ya kichakataji au ya saplai, kujiwasha upya huelekeza kwenye volti iliyoyumba, na mistari au madoa ya rangi kabla ya kuganda huelekeza kwenye kadi ya michoro. Kumbukumbu za matukio za Windows hutaja tukio namba 41, ambalo wengi hulichukulia kuwa jina la ugonjwa, ingawa linasema tu kwamba mashine ilisimama bila kuzimwa kwa utaratibu.

Hatua inayofuata ni kupasha moto sehemu moja bila nyingine. Programu ya Prime95 hukichosha kichakataji, Memtest86 huipima kumbukumbu bila kukipa kichakataji mzigo wa kiwango hicho, na michezo au programu za kupima michoro huielemea kadi, huku HWiNFO au vipimo vya Linux vikiandika joto kila sekunde katika faili litakalosomwa baada ya mashine kuzimika. Usomaji wa mwisho kabla ya kuzimika ndio shahidi mkuu. Kisha ufuate upimaji wa kinyume: kasha lifunguliwe na feni ya mezani ielekezwe ndani. Kompyuta ikipona, imejulikana tu kwamba joto linahusika. Haijajulikana ni kipuri gani, na haijatibiwa. Kuiacha wazi daima hukaribisha vumbi na mijusi, ambao wamezichoma saplai nyingi, na katika kompyuta zenye mkondo maalumu wa plastiki wa kuongozea hewa huweza hata kuongeza joto la kichakataji. Mahali ambapo shaka imebaki kati ya vipuri viwili, kikausha nywele kilichoelekezwa kwa kiasi kwenye kipande kimoja cha RAM au kona moja ya ubao, mashine ikiwa baridi, huweza kuita hitilafu ndani ya dakika moja, na jibu hilo lina thamani kuliko siku nzima ya kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Uamuzi wa kutengeneza hutegemea ni wapi ushahidi umeishia. Pesti, feni na RAM ni gharama ndogo zisizostahili kusitiwa. Kapasita za ubao hubadilishwa kwa bei ya chini na fundi mwenye mkono mzuri wa kulehemu, mradi achague za nyuzi 105 na si za 85. Ubao wenye nyufa zisizoonekana mara nyingi haustahili kutengenezwa. Pale mwenye mashine asipoweza kununua nyingine, kupunguza kikomo cha wati za kichakataji katika BIOS, kwa mashine zinazoruhusu, huipunguzia kasi kidogo na joto kwa kiasi kikubwa, nayo ni njia halali ya kuiongezea miaka katika chumba kisicho na kiyoyozi.

Upimaji wa mwisho ndio unaopuuzwa zaidi kuliko yote. Kompyuta iliyokabidhiwa baada ya kuwaka dakika kumi kwenye meza ya fundi, kasha likiwa wazi na kiyoyozi kikinguruma, haijapimwa. Inapaswa kufungwa kasha lake, kuunganishwa na umeme uleule wa mahali inapotumika, kuwekwa pembeni mwa ukuta kama inavyokaa siku zote, na kufanyishwa kazi nzito kuanzia saa saba mchana hadi saa kumi, huku joto likiandikwa kwenye faili, kisha faili hilo likabidhiwe mteja pamoja na mashine ili usomaji wa mwezi ujao uwe na kitu cha kulinganishwa nacho.